Kuvu Katika Nyumba Kati

Katika nyumba yetu ya Langoni, kisiwani Amu, kila kitu huota kuvu. Viatu, mikanda, mito, majalada ya misahafu, hata kijiko cha mbao ukikisahau kwenye droo. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe. Zimekunywa chumvi tangu zijengwe, na msimu wa mvua huitema yote juu yetu. Wageni wanaokuja kupiga picha milango husema nyumba hizi zina roho. Huenda. Mimi ninachojua ni kwamba zina kifua kibovu.

Mimi nashona kofia, zile nyeupe za vitobo. Kofia moja hunila majuma, na doa moja la kuvu likiingia kwenye uzi, hakuna atakayeivaa msikitini. Kwa hiyo ugomvi wangu na kuvu ni wa siku nyingi. Naweka makaa makavu ndani ya sanduku, napandisha vitambaa darini jua likitoka, na pua yangu huinusa kuvu kabla macho hayajaiona. Mama hunicheka kwamba ningeolewa mapema kama ningewachunguza wanaume kwa bidii hiyo.

Ndugu yangu alirudi kutoka Mombasa akiwa nusu ya alivyoondoka. Alikuwa na saratani ya tumbo, na dawa alizotiwa mishipani zilimfanya asiweze kuweka chochote mdomoni. Mama alipika uji, akapika supu ya samaki, akapika wali laini kama wa mtoto anayeota meno. Ndugu yangu alikuwa akijilazimisha vijiko viwili vitatu kwa heshima ya Mama, kisha tunamsikia chooni. Mama alikuwa anasimama jikoni na mwiko mkononi, akisikiliza. Sijui kama kuna sauti inayomvunja mama kuliko ile ya mwanawe kukitoa chakula alichompikia. Ikawa ndani ya nyumba hatuna tena habari za siasa wala za majirani. Tuliulizana jambo moja tu: amekula?

Jibu alilojitafutia ndugu yangu nililipata kwa kufungua mlango. Nyuma kabisa ya nyumba zetu za zamani, baada ya vyumba vyote, kuna chumba kidogo tunachokiita nyumba kati. Hakina dirisha. Zamani wanawake walizalia humo, na humo ndimo maiti wa nyumba walimooshewa. Baba yetu alioshewa humo. Tangu hapo kilikuwa ghala, na mimi nilikwenda kutafuta beseni. Nikakuta taa kali imening'inia kwa waya, na chini yake ndoo za rangi zilizotiwa udongo, na ndani ya ndoo mibangi, imesimama kijani kibichi kana kwamba nyumba ni yao.

Nilimtukana. Sitayaandika niliyosema. Nilimwambia kuhusu dini, kuhusu askari, kuhusu jina la baba. Aliniacha nikamaliza, kisha akasema polepole, "Dada, Mombasa kulikuwa na mgonjwa mwenzangu aliyenipa kidogo. Nilivuta, na siku ile nikala sahani nzima ya pilau. Nikaomba nyingine."

"Basi kanunue, kama ni lazima. Wauzaji si wamejaa?"

"Nilinunua. Ilikuwa imeota kuvu ndani ya gazeti, na nilikohoa mpaka nikatema damu. Daktari aliniambia damu yangu sasa haina ulinzi. Kuvu ikiingia kifuani itaniua kabla ya huu ugonjwa. Ndiyo maana nataka yangu, safi, niione ikikua."

Nilikasirika zaidi. Mtu amekuja kuotesha kitu kisichotakiwa kuguswa na kuvu ndani ya chumba chenye unyevu kuliko vyote katika nyumba yenye unyevu kuliko zote mtaani. Ningekuwa na hali ya kucheka ningecheka.

Lakini sahani ile ya pilau haikunitoka kichwani, nikawa mshirika wake. Jambo la kwanza lilikuwa harufu. Langoni nyumba zimebanana hivi kwamba jirani akikaanga kitunguu unajua kama kimeungua. Kwa hiyo mlango wa nyumba kati ulifungwa muda wote, tukaziba nafasi ya chini kwa matambara, na kila alasiri nikaingia na chetezo na kufukiza udi mpaka machozi yanitoke. Udi kila siku, nyumba ya mwanamke asiyeolewa! Majirani hawakukawia. Bi mmoja alinisimamisha njiani, uso wote meno. "Hongera mwanangu. Bwana harusi ni wa papa hapa Amu au watoka Pate? Meshukia forodhani, sikumuona?" Nikamwambia bado tunasikilizana. Ilibidi nichekecheke.

Mibangi ilichanua, maua mazito yenye kunata. Ndugu yangu aliketi mlangoni kwenye kigoda akiyatazama. Alianza kumwambia Mama atakachotaka apikiwe: kwanza mkate wa sinia, kisha kamba wa nazi. Mama akanunua nazi kabla ya wakati. Ndipo alasiri moja nikaingia na chetezo, nikasimama. Chini ya udi, chini ya ile harufu nyingine, niliisikia kuvu. Nililishika ua nene kuliko yote na kulipasua kwa kucha. Ndani lilikuwa la kijivu, laini, likatoa vumbi.

"Tukate palipooza tu," ndugu yangu alisema. "Penginepo ni pazima."

"Si pazima. Kuvu ukiiona mahali, ishafika kwengine."

"Dada, tafadhali."

Nilikataa. Niling'oa yote mbele yake, nikayatia kwenye gunia la mkaa. Hakunigombeza, alikuwa hana nguvu hizo. Jioni Mama alipoleta uji, ndugu yangu akageuzia uso ukutani. Nilimchukia kidogo siku ile. Nilichukia kwamba alikuwa ametutia matumaini.

Gunia likiwa bado mle ndani, alibisha mwalimu, mpangaji wetu wa chini, mtu wa bara, Mkristo, mpole, ambaye mpaka wakati huo tulikuwa tunasemeshana tu kuhusu bomba la maji. Alisimama kizingitini akiangalia viatu vyake. "Dada, samahani. Hiyo harufu inashuka kwangu. Si ya udi pekee."

Nilianza kusema uongo fulani kuhusu dawa za miti shamba, naye akainua mkono. "Mimi si polisi. Na najua kuna mgonjwa, namsikia. Lakini pia nasikia kuvu. Kwetu tulizika watu kwa sababu ya mahindi yaliyoota kuvu. Mjomba wangu na mkewe, ugali wa sufuria moja. Hicho chumba mmekifunga kama kopo. Hewa haitembei, na nyinyi mnaongeza moshi na joto. Kitaoza kila kitu."

"Tukifungua, mtaa mzima utajua."

"Basi sijui, Dada. Lakini mkifunga, kitaoza."

Alisema kweli, nami nilikuwa naijua kweli hiyo kwa kofia zangu. Nisingeifungia kofia hata moja kwenye chumba kile. Lakini aibu hukufanya ufunge mlango kwanza ndipo ufikiri. Siku ya pili mwalimu alituletea feni yake ya mezani, yeye akabaki na joto lake.

Ndugu yangu akaotesha mbegu upya. Safari hii Mama aligundua. Alifuata sauti ya feni mpaka nyumba kati, akasukuma mlango, akasimama katikati ya ndoo na buibui lake la kuswalia. Mimi na ndugu yangu tulikuwa nyuma yake kama watoto waliovunja kikombe. Nilingoja kelele. Mama aligusa jani moja kwa ncha ya kidole.

"Hini ndiyo iliyomlisha kule Mombasa?"

"Ndiyo, Mama," nikasema. Kumbe naye alisimuliwa ile pilau.

Kisha akaugusa ukuta, akaangalia unyevu kwenye kiganja chake, akakunja uso jinsi anavyokunja akikuta sufuria haikusuguliwa vizuri. "Na mwaiweka humu, ukuta watoka mai? Mwango umefungwa?" Akanigeukia mimi, si yeye. "Wewe na kofia zako zote, huna akili?"

"Mama, watu watasikia harufu."

"Nawasikie. Mola ataniuliza mimi. Mimi ndiye niliyemzaa."

Juu ya mlango wa chumba kile kulikuwa na kitundu cha hewa, Baba alikiziba miaka mingi iliyopita kwa sababu ya popo. Mama akakizibua mwenyewe kwa mchi, amepanda juu ya kigoda, hataki kusaidiwa. Hewa ikapata pa kutokea, kupitia uwanja wa ndani usio na paa, juu kabisa, juu ya vichwa vya watu. Akakwangua kuta, akapaka chokaa mpya, akaniamuru nisambaze makaa yangu kila pembe. Tuliitenga mibangi isigusane. Feni ikazunguka mchana kutwa. Udi Mama aliuhamishia barazani, penye upepo, akaufukiza yeye, na majirani walipouliza juu ya harusi yangu alijibu kwamba bwana ana safari nyingi. Kila asubuhi alipitisha kiganja ukutani, akakitazama, akaniambia, "Kikavu." Huo ndio ulikuwa wakati pekee nilipomuona akitabasamu mwaka ule.

Maua yakatoka safi. Nililipasua moja, nikalinusa, nikampa Mama alinuse, naye akalirudisha upesi akisema astaghfirullah. Tulikata, tukayaning'iniza kwenye uzi wangu wa kofia ili yakauke. Ndugu yangu alikuwa hainuki tena kitandani. Nilimpelekea tawi moja alione. Aliuliza kama liko safi, nikamwambia halina hata doa. "Mwambie Mama atafute kamba," akasema. Mama akatuma watu Kipungani kwa kamba wabichi.

Ndugu yangu alikufa maua yakiwa bado kwenye uzi, kamba wakiwa kwenye barafu. Sikupata hata nafasi ya kulia. Waoshaji walikuwa njiani, na chumba cha kuoshea kilikuwa kile kile. Nilikata uzi kwa hasira, hasira na kila mtu, nikamkabidhi mwalimu yote. Aliyatia kwenye begi lake la vitabu, na sikumuuliza aliyapeleka wapi. Tukatoa ndoo, taa na makaa. Mama alifukiza udi nyumba nzima, na siku hiyo hakuna aliyeuliza harusi ni lini.

Walipomaliza kumwosha, mwoshaji mkubwa alitoka kutafuta maji ya kunawa. Alikuwa mtu aliyeosha nusu ya wazee wa Langoni. Alimpa Mama pole, kisha labda kwa kukosa la kusema akaongeza, "Maashallah, Bi, chumba chenu ni kikavu. Nyumba nyingi za mui huu twaosha maiti na kuvu yatuangukia."

Mama alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani. "Nilikikausha ili ale," akasema.

Mwoshaji hakuelewa. Aliitikia inshallah, akaomba ndoo nyingine ya maji.