Siku Watani Walipoizika Kombora

Kaeni niwape habari za Nassibu. Anayetaka kubisha abishe moyoni, mdomo auache utafune muhogo.

Nassibu ni mtu wa hapa kwetu bondeni, ukitoka Milola kuelekea chini ya mlima Rondo. Analima korosho kama baba yake. Msimu wa kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, anarudi shambani wa manjano kuanzia kope mpaka kucha, wala haendi kuoga. Anakwenda moja kwa moja kiwanjani, maana watoto wanamsubiri. Mgeni mmoja alimwona kwa mbali akipuliza filimbi, akageuza baiskeli, akaenda kuwaambia watu wa Nyangamara kwamba bondeni kwetu jini limefungua shule. Ningemfuata kumsahihisha, ila miguu yangu siku hiyo ilikuwa na shughuli nyingine.

Timu yake ya mpira inaitwa Kombora. Aliianzisha angali kijana, na sharti lake ni moja: mtoto akija, anacheza. Hana mtoto wa kumzaa, yeye na mkewe Mwanaasha, kwa hiyo wa watu wote ni wake.

Kuna Musa, winga, mwenye mguu wa kushoto wa ajabu. Siku moja alipiga shuti likapita juu ya goli, likautikisa mkorosho wa Mwanaasha, korosho zikaanguka zote, na nyingine zilifika chini zimeshabanguliwa. Nilizila mimi mwenyewe. Kuna Nurdin, kipa, mikono yake mirefu hata anafunga kamba za viatu bila kuinama. Halafu kuna Hemedi, ambaye mpira ukimjia anaupisha kwa adabu, kama anavyompisha mzee njiani. Hemedi naye anacheza. Nassibu humwingiza kila mechi, na akishatoka hapo anatembea kijijini wiki nzima kifua mbele, mama yake hata kumtuma kisimani anaona haya.

Juu yetu, mlimani, ndiko kwa watani zetu. Utani huo ni wa tangu babu za babu: mtani akikuibia jogoo unacheka, akikutukana msibani unamwandalia chakula, na ukikasirika umeshindwa. Wao wengi ni Wakatoliki, sisi Waislamu, utani haujawahi kuuliza. Timu yao inaitwa Tufani na kocha wao ni Benedicto, mkulima wa mahindi mwenye sauti kubwa. Akimnong'oneza mkewe huko juu, sisi huku chini tunaitikia. Kiwanja chao kiko ukingoni, mpira ukitoka nje unateremka mlima mzima mpaka kwetu. Ndiyo maana Kombora haijawahi kununua mpira.

Sasa miaka hii vijana wanatuishia. Kijana akipata nguvu kidogo anakwenda Lindi kuendesha bodaboda. Kombora ikaenda kwenye ligi ya vijana ya wilaya na watoto wa kuungaunga, ikafungwa saba bila. Goli la saba mfungaji alilifunga huku anamenya chungwa. Tufani nao wakafungwa nane. Watu wakaanza kusema: hizi timu mbili ziungane ziwe moja, labda tutapata angalau sare.

Benedicto akateremka jioni moja. Nassibu alikuwa barazani na Mwanaasha, wanabangua korosho, na mimi nilikuwapo kwa bahati, kama ninavyokuwapo kwa bahati kila panapobanguliwa korosho.

"Mtani," akasema Benedicto, "tuunganishe. Mimi nina mabeki, wewe una Musa na Nurdin. Hakuna wa kututisha."

"Na wale wengine?"

"Watashangilia."

"Hemedi anakuja kucheza, haji kushangilia."

"Hemedi anacheza nini? Mimi nimemwona. Yule ni mwenyekiti wa kitongoji, anapokea wageni."

Nassibu akacheka, utani ndio huo. Kisha akaweka korosho chini. "Ukiunganisha watoto wote wa huku na huko, wanaoingia uwanjani ni kumi na mmoja. Leo wangu wote wanaingia. Kesho nusu ya kijiji inakaa pembeni kushika viatu vya wenzao. Hao hawatarudi tena kiwanjani, Benedicto. Mimi nawajua."

"Na Musa je? Utamficha huku bondeni mpaka aote mvi? Nani atamwona anavyocheza, kuku?"

Nassibu akaokota tena korosho, akabangua. Benedicto alipokwisha kupanda mlima, Mwanaasha akasema bila kuinua macho, "Kwa Musa amekushinda."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa nikimpa Musa njia, namfungia Hemedi. Niambie wewe, yupi si mwanangu."

Mwanaasha akaendelea kubangua. Mimi niliacha hata kutafuna korosho, na wanaonijua wanajua uzito wa neno hilo.

Mechi iliyofuata Kombora ikafungwa kumi. Wala haikupita wiki, tukasikia kilio kinateremka kutoka mlimani. Watani wanakuja, wake kwa waume, wamebeba kitanda cha mianzi. Juu ya kitanda kuna mpira uliopasuka, umefungwa kwa gunia la mahindi. Kombora amefariki, wao wamekuja kumzika. Dua hawakugusa wala sala, mtani mwenye akili anajua mpaka. Kilio ndicho walichokimwaga. Benedicto alikuwa mbele amejifunga kanga ya mkewe, machozi yanamtoka ya kweli, nadhani alikuwa amejipaka kitunguu.

"Kombora, umetuacha na nani," wanawake wa mlimani wakaomboleza, "wewe uliyekuwa ukifungwa vizuri, bila kinyongo."

Nassibu akatokea shambani, na salfa yake mwili mzima. Consolata, mke wa Benedicto, akamnyooshea kidole. "Tazameni mjane huyo. Mume hajafika kaburini, yeye kashajipaka manjano, anataka kuolewa."

Tukacheka mpaka mbuzi wakakata kamba. Nassibu akainamisha kichwa kama mjane, akaenda nao kiwanjani.

Wakachimba shimo katikati ya uwanja. Nanyi mnajua, mtani akichimba kaburi ana haki yake, na asipopewa hatoki shimoni. Benedicto akaketi humo ndani, miguu ameikunja.

"Sitoki mpaka nipewe changu."

"Unataka jogoo?" akauliza Nassibu.

"Jogoo kuleni wenyewe. Nataka Musa na Nurdin."

Watu wakacheka, halafu kicheko kikakatika. Kila mtu alijua kwamba mzaha huo una mfupa ndani. Ukimnyima mtani haki yake ya kaburi, hata wajukuu watakuja kusimuliwa aibu hiyo. Na ukimpa, basi Kombora imekwisha kweli, na Hemedi na wenzake wamekwisha nayo. Walikuwa wamesimama palepale, wametulia.

Nassibu akachuchumaa ukingoni mwa shimo.

"Mtani, marehemu ni nani?"

"Kombora."

"Kazikwa na nani?"

"Na mimi. Si unaona udongo huu?"

"Basi marehemu kaacha yatima. Umekuja kuzika, umelia vizuri, sasa unachagua yatima wawili wenye nguvu za kulima, wengine unawaacha barazani? Huko kwenu mlimani ndivyo wanavyozika?"

Benedicto akafungua kinywa. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, bondeni tulisikia ndege.

"Hapo umejizika mwenyewe, mume wangu," akasema Consolata.

"Wachukue wote," akasema Nassibu. "Jina nimekuachia, liite Tufani, mimi sililii jina. Ligi uisimamie wewe, chagua kumi na mmoja wako. Lakini kila siku ya mechi, waliobaki wapate mechi yao hapa, yenye refa na jezi, wa huku na wa huko."

"Na nani atawafundisha hao, mtani? Mimi nitakuwa Lindi."

"Mimi."

Benedicto akanyoosha mkono avutwe kutoka shimoni, na Nassibu akamvuta.

"Nilikuja kukutania tu," Benedicto akasema polepole, na kwake polepole ni sauti ya mtu wa kawaida.

"Najua. Endelea kulia, watu wasijue kwamba utani umekuwa kweli."

Siku ya mechi ya kwanza ya Tufani mpya, lori la Fuso likaja kuwachukua vijana kwenda Lindi. Walikuwa wamemwekea Nassibu kiti cha mbele, karibu na dereva. Miaka yote ile amekwenda Lindi kufungwa, na safari hii wote tuliamini watashinda, hata mimi nisiyeamini kitu nisichokisema mwenyewe.

"Panda, kocha," Musa akamwambia kutoka juu ya gari.

Nassibu akageuka kuwatazama waliobaki. Wa mlimani na wa bondeni, jezi zimewapwaya, na watoto wa Milola wameshafika kucheza nao.

"Kocha wako yuko mbele hapo," akamjibu. "Mimi nina mechi."

Musa alitaka kusema neno, gari likaondoka. Nassibu akalisindikiza kwa macho mpaka vumbi likatua, kisha akapuliza filimbi.

Ilikuwa mapumziko Mwanaasha alipokuja na simu. Benedicto ndiye aliyepiga, na simu ile haikuhitaji kuwekwa sikioni.

"Tuko sare moja moja, mtani. Musa kafunga."

"Kwa mguu gani?"

"Wa kushoto. Kuna watu wawili hapa wameshauliza jina lake."

Nassibu akajifuta uso kwa mkono wenye salfa, machozi yakamlengalenga, au tuseme ilikuwa salfa. Akamrudishia Mwanaasha simu.

Halafu akawaita watoto, maana walikuwa nyuma kwa magoli mawili, na akaanza kuwapanga kwa kipindi cha pili.