Mto Wenye Miadi, Wadi Isiyobisha Hodi

Nilitoka nyumbani kwangu Darsait, hapa Muscat, kwa ajili ya ndugu yangu Seif, si kwa hamu ya kutembea. Kwa umri niliofika, safari niliyokuwa nikiitamani ni ya Makka tu, na hiyo Mola amekwishanijaalia, namshukuru. Lakini mvua kubwa iliyopita iliiteremsha wadi ya Quriyat, lile korongo linalokaa kavu karibu mwaka mzima kisha likashusha maji ya milima yote kwa mara moja, na maji yakapita ndani ya nyumba ya Seif. Yakachukua ukuta wa mbele, jiko, na chumba cha wajukuu. Wajukuu wenyewe, alhamdulillahi, siku ile walikuwa kwangu pamoja na mama yao, Rahma, binti pekee wa Seif, ambaye ni mjane.

Seif akaamua kujenga tena palepale. Rahma akasema harudi. Wakanuniana, mtu na babake, na mimi nikawa wa kupeleka maneno huku na kule.

"Ami," Rahma aliniambia huku akikuna nazi jikoni, "mwambie Baba mimi sina ugomvi naye. Lakini wanangu hawatolala tena njiani kwa maji. Akitaka kukaa peke yake, akae."

Nilipomfikishia, Seif alicheka. Yeye hubishana na watu wote kwa kicheko, na hilo ndilo linalochosha. "Kaka, Wamisri wamekaa na mafuriko tangu dunia changa, na juu yake wakajenga mapiramidi. Mimi nishindwe na wadi?"

Nikamwambia basi twende tukawatazame hao Wamisri. Nilisema kwa kuchoka, nikidhani atakataa. Akasema, "Twende." Alikuwa na mwenyeji huko, Ustadh Ramadhani, aliyesomesha skuli Quriyat miaka mingi akiwa jirani yake, kisha akarudi kwao Luxor. Kabla ya kuondoka, Seif alipatana na fundi: tukirudi tu, msingi unachimbwa mahali pale pale pa zamani. Kwa hiyo nilipanda ndege nikijua kwamba nikimrudisha ndugu yangu na mawazo yaleyale, nyumba ile itakuwa imegawika.

Kairo tulifika asubuhi. Sitasema mengi juu ya Kairo. Watu ni wengi, magari ni mengi, na kuvuka barabara ni jambo la kutia nia kama la ibada. Tulikwenda mpaka darajani, nikautazama mto ambao tangu tuko chuoni kwa mwalimu tunausikia, mto aliotiwa Nabii Musa akiwa mchanga. Maji yake ni ya kijani kibichi kilichofifia, yanakwenda pole pole kama mzee. Dereva wetu akaunyooshea kidole akauita "bahari".

"Bahari gani hii?" Seif akasema kwa Kiswahili. "Ng'ambo namuona mtu anatafuna mahindi!"

Kutoka Kairo tulichukua ndege nyingine hadi Aswan, kwa sababu Ustadh Ramadhani alitushauri kwa simu tuanzie juu, maji yanakoingilia nchini, ndipo tuteremke kwake. Nilikaa dirishani. Chini niliona jangwa, na katikati ya jangwa utepe wa kijani, na katikati ya utepe mto. Hakuna kingine. Utepe unapokwisha, umekwisha. Hakuna majani ya kuaga wala kichaka cha kusindikiza. Nikafahamu kwamba nchi nzima tuliyoisoma, wafalme wake na mahekalu yake na hesabu zake, ilikaa ndani ya utepe ule. Nikamgusa Seif atazame. Alikuwa anakoroma.

Aswan ilikuwa na joto ambalo hata mtu wa Muscat hulitambua. Mwenye mashua, mtu wa makamo mwenye maneno machache, alituvusha hadi kisiwani tukaone ngazi za kupimia mto. Ni ngazi za mawe zinazoteremka mpaka majini, na ukutani zimechorwa alama. Watu wa kale waliteremka hapo wakati wa kiangazi, mvua za Habasha zilipoanza kuujaza mto, wakasoma maji yamefika alama gani. Yakiwa chini, njaa inakuja. Yakizidi, yatabomoa. Yakifika katikati, mavuno ni mema, na serikali inajua kodi ya ngano kabla mkulima hajatia mbegu. Siku hizi ngazi hazina kazi, maana bwawa kubwa limeyazuia mafuriko. Nami magoti yangu yalizipanda zile ngazi kwa malalamiko.

"Unaona, Kaka?" Seif alisema akiwa juu, ananingojea. "Hawakukimbia. Walikaa na maji wakayaandikia hesabu."

Mimi nilikuwa bado nahesabu ngazi zilizobaki.

Wakati wa kurudi, mwenye mashua akakunja tanga akaiacha mashua ichukuliwe na mkondo. Nilimuuliza kwa nini, na upepo upo. Akasema mto unakwenda kaskazini na upepo unavuma kuelekea kusini. Anayepanda hutweka tanga, anayeshuka hulikunja, na babu zake wamefanya hivyo tangu hakujakuwa na injini. Nikasema subhanallah. Watu wengine wamepewa njia ya kwenda na njia ya kurudi katika maji yaleyale, haishangazi wakawa taifa moja kutoka huku hadi baharini.

Luxor tulifika kwa treni, mchana, vumbi limetuingia mpaka masikioni. Tulisali msikiti wa karibu na stesheni. Ustadh Ramadhani alipiga simu akasema tuvuke upande wa magharibi, tuchukue gari hadi kwenye masanamu mawili makubwa, kisha twende kwa miguu, nyumba yake iko "gibli" ya masanamu, hapo hapo tu. Simu ikakatika, na baada ya hapo haikupatikana.

Gibli ni kibla, nikamwambia Seif. Watu wa huku hutamka hivyo. Na kibla naijua, nimetoka kuielekea sasa hivi. Tukashuka kwenye masanamu, nikajipanga kama ninayetaka kukimu, tukaanza kwenda. Tulipita mashamba ya miwa. Tukaruka mifereji. Udongo wa pale ni mweusi, laini, unanata, na mmoja katika mifereji ukamvua Seif kiatu, tukakitafuta kwa mikono. Nyumba haikuonekana. Hapo hapo tu ikawa jioni yote, mpaka miwa ikafunguka na mbele yetu tukaona maji. Tumerudi mtoni.

Seif alikaa chini, kiatu kimoja mkononi. "Kaka, kwa ucha Mungu wako utatufikisha Makka kwa miguu."

Mwenye gari la punda alitupakia, na Ustadh Ramadhani tulimkuta njiani anatutafuta. Aliposikia tulivyokwenda, alicheka mpaka akavua miwani. "Sheikh wangu, gibli kwetu ni kusini! Na bahari ni kaskazini. Mto unatoka kusini, unakwenda kaskazini kwenye bahari. Hata mtoto wetu haulizi."

Usiku ule, miguu yangu ndani ya beseni la maji ya chumvi, nilifikiri. Tulipokuwa watoto Unguja, kibla ilikuwa kaskazini, na wazee wetu wakisema kibla walikuwa na maana hiyo hiyo ya kaskazini. Muscat nimezoea kuielekea magharibi. Al-Kaaba ni moja haihami. Ni sisi tuliotawanywa, na kila nchi inamfundisha mtu wake namna ya kugeuka. Hawa mto umewafundisha mpaka maneno ya mdomoni.

Nyumba ya Ustadh iko chini ya mlima, kwenye mchanga, hatua chache kutoka shamba lilipokomea. Mkewe, Ummu Hani, alitupa mkate uliotiwa juani uumuke kabla ya kuokwa, na bakuli la mboga ya majani inayoteleza.

Seif akaonja. "Nimepanda ndege mbili na treni, nije kula mlenda!"

Nikamtafsiria mwenyeji. Ummu Hani akanyoosha mkono. "Kama hutaki, lete bakuli."

"Nani kasema sitaki?" Seif akalikumbatia.

Asubuhi Ustadh alitupeleka tena kwenye masanamu, safari hii kwa gari. Ni wafalme wawili wa mawe waliokaa vitini, warefu kuliko nyumba, nyuso zimeliwa na wakati, wanatazama macheo. Ustadh akasema ni mfalme mmoja aliyechongwa mara mbili. Akatueleza mambo ya babu yake, kabla ya bwawa. Maji yalikuwa yakiingia kiangazi, bila haraka, yakatandaa mpaka chini ya mlima, watu wakienda harusini kwa mashua. Yakakaa, kisha yakashuka, yakaacha udongo mpya wa kupandia. Nchi yao watu wa kale waliiita nyeusi kwa udongo ule, na jangwa wakaliita jekundu.

"Na watu walilala wapi?" nikauliza.

"Kule juu tulipolala sisi, au juu ya vilima vya udongo. Shamba chini, kitanda juu. Ardhi nyeusi ni ya ngano, Sheikh, hakuna aliyeipoteza kwa nyumba."

Seif akaona nafasi yake. "Mbona mfalme huyu kajenga chini? Masanamu yake yako shambani."

"Kajenga," Ustadh akasema. "Haya yalikuwa mlangoni tu. Nyuma yake kulikuwa na hekalu, katika makubwa ya nchi hii. Aliliweka njiani kwa mafuriko. Nenda kaliangalie."

Tukatazama nyuma ya masanamu. Palikuwa na nyasi, vipande vya mawe, watu wanaochimba na kuunganisha vilivyobaki, na yangeyange wawili weupe wanatembea. Kwa mbali, chini ya mlima, mahekalu yaliyojengwa juu yamesimama na kuta zake.

"Maji yalikula msingi," Ustadh akasema, "tetemeko likautikisa, kisha wafalme waliofuata wakachukua mawe wakajengee kwao. Na haya yalikuwa maji yenye miadi, Seif, yanayokuja kwa msimu, yanapimwa Aswan, habari inafika kabla yake. Wadi yenu nimekaa nayo. Niliiona ikichukua gari la mwalimu mkuu naye bado ameshika mlango. Ilipopita kwako iliacha nini?"

Nilidhani Seif atacheka. Alizitazama zile nyasi.

"Mawe," akasema. "Mawe na magogo."

Ulimi wangu uliwasha. Nilikuwa na hotuba niliyoitunga tangu Darsait, yenye Rahma ndani yake, na mayatima, na amana ya baba. Nikaimeza. Nilimwomba Mungu anipe subira ya kunyamaza, akanipa, maana mimi mwenyewe nisingeweza.

Siku mbili zilizobaki Seif hakubishana na mtu. Ummu Hani akaniuliza kama ndugu yangu anaumwa.

Muscat tulitua alfajiri, milima imekaa myeusi nyuma ya taa za mji. Nilitaka kulala. Seif akataka Quriyat moja kwa moja, na Rahma, aliyekuja kutupokea, akatuendesha. Tulimkuta fundi ameshafunga kamba kwenye vigingi, palepale palipokuwa na chumba cha watoto.

Seif akaizunguka ile kamba yote. Akainama, akang'oa kigingi cha kwanza, akampa fundi. Akang'oa cha pili. Kisha akakata njia kati ya mitende yake akapanda kule kwenye changarawe, juu kabisa, ambako siku zote alikuwa akisema hapafai hata kufunga mbuzi.

"Vyumba vya kulala hapa," alituambia akihema. "Lakini majlis yangu ya wageni inabaki chini, kwenye mitende. Mimi sinywi kahawa juu ya jabali kama kunguru."

"Mchana kunywa utakako, Baba," Rahma akasema. "Mawingu yakitanda, unapanda."

"Wee unaniamrisha?"

"Nnakuamrisha."

Akamtazama bintiye, kwanza uso mkali, kisha kicheko chake kile kikarudi, na mimi nikakaa juu ya jiwe.

Nilichojifunza ni kidogo kwa safari ndefu hivyo. Maji ni ya Mwenyezi Mungu kote. Wengine huwajia kwa msimu wakapanga nchi yao kwa kuyangojea, wengine huwajia kwa ghafla ili wasijisahau. Wale wa kale hawakuushinda mto wao. Walijua wapi pa kulima na wapi pa kulala, na aliyesahau, hata akiwa mfalme, alibaki na mlango bila ya nyumba. Namshukuru Mola kwa mto wao, na kwa wadi yetu pia, maana ndiyo inayovijaza visima vyetu. Nimejifunza vilevile kwamba sitasafiri tena na Seif, inshaallah.

Nyumba imekwisha, na Rahma na watoto wamehamia. Juzi mawingu yalikaa juu ya milima tangu adhuhuri, nami nikawa na wasiwasi, nikampigia simu Rahma nikamuuliza kama babake bado yuko majlis.

"Ami, Baba kapanda zamani," akasema. "Yuko mlangoni anatupigia kelele sisi tulio bado chini, anasema tunamchelewesha kufunga."