Bwana Shauri wa Karatasi

Haidari Khatibu hakuwahi kuwa mtu mkubwa Kasulu, na waliokuwa wakubwa wakati ule leo hawakumbukwi hata na watoto wao. Yeye alikuwa mtangaza sinema. Kazi hiyo siku hizi haieleweki. Kijana wa leo ana filamu mia ndani ya simu na hajamaliza kutazama hata moja. Ukimwambia kwamba mtu aliwahi kulisha familia kwa kuzungusha picha za karatasi, anakutazama kana kwamba umeanza kuweweseka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Gari la sinema lilipanda kutoka Kigoma mara moja kwa mwezi, likitanguliwa na bahasha iliyoletwa na basi. Ndani ya bahasha mlikuwa na bango moja au mawili, na picha nane au kumi nyeusi na nyeupe, ngumu, zinazong'aa: mwanamume mwenye kofia, mwanamke anayelia, farasi, treni. Haidari alizipanga ubaoni, akaufunga ubao nyuma ya baiskeli, akaenda sokoni. Filamu yenyewe alikuwa hajaiona. Alizisoma picha zile kama mtu asomavyo barua, akaunda kisa, akakisimulia kwa Kiha huku kina mama wamesimama na mikungu ya ndizi kichwani. Akifika picha ya mwisho alinyamaza. "Mengine yako kwenye kitambaa cha sinema," alisema. "Njooni Jumamosi."

Jumamosi filamu ilikuja na kisa kingine kabisa. Watu walirudi nyumbani wakinung'unika kwamba filamu imekosea.

Picha zilitakiwa kurudishwa kwa kampuni Dar es Salaam. Zilizochanika hazikutakiwa na mtu, na hizo alibaki nazo. Alizitia viraka kwa nyuma kwa karatasi ya kaki na uji mzito wa muhogo. Video zilipoingia na gari la sinema likaacha kuja, sanduku lake la bati lilikuwa limejaa. Akafungua duka la chumvi na sabuni, ambalo sasa ni la binti yake, Asia.

Mwaka 2013 macho yake yalianza kuingia ukungu. Akawa na haja moja tu: ukuta. Alitaka picha zake zitundikwe mahali, watu wazione, na wajue ni kitu gani, kabla hajawa kipofu. Alimwendea mwenye kibanda cha video, yule anayepiga kelele juu ya filamu za watu na kuita kelele zake tafsiri. Kijana akapekua sanduku kwa kidole kimoja.

"Mzee, hawa si wameshakufa wote?"

"Wameshakufa."

"Sasa nani atalipa kuona maiti?"

Ndipo akaja Isack. Wilaya ya Kibondo ilikuwa imetoka kumegwa, Kakonko imekuwa wilaya, na ghafla kila mtu akataka historia, kama watoto wanaogawana nguo za marehemu. Pale Kibondo kikaundwa Chama cha Kumbukumbu. Isack, mwalimu kutoka mkoa mwingine, akawa katibu wake. Alikuwa na kalamu tatu mfukoni, na hakusema "watu", alisema "wadau". Alipofungua sanduku la Haidari aliishia kwenye picha moja: Mzungu wa nguo za kaki na kofia ngumu ya jua, fimbo mkononi, na nyuma yake Waafrika wamejitwika mizigo.

"Hii ni hazina, mzee wangu."

"Subiri nikusimulie, mwanangu. Huyo..."

"Usijisumbue, mzee. Maelezo tutayaandaa wenyewe. Tunachohitaji ni picha."

Haidari akafurahi. Ukuta ulikuwa umepatikana.

Chumba cha maonyesho cha chama kilifunguliwa Julai 2014. Mimi, jirani yake tangu enzi za baiskeli, nilikwenda Kibondo pamoja naye na Asia. Tulimshika mkono huku na huku, akapapasa fremu moja baada ya nyingine.

"Wamekata kona," alisema.

Walikuwa wamezikata ili zienee katika fremu. Nikamsomea maandishi. Chini ya mwanamke anayelia: Mke wa mmisionari baada ya tauni. Chini ya treni: Reli ya Kati ikijengwa. Chini ya yule mwenye kofia ya jua, aliyegeuzwa mkuu wa wilaya wa enzi za Waingereza: Bwana Shauri akikagua wapagazi, Kibondo, 1934. Shule zetu zimezalisha watu wa namna hii, na wanapewa ofisi na kiti kinachozunguka.

Mbele ya picha hiyo alikuwa amesimama Evaristi, mzee mwenzetu wa Kasulu, amezungukwa na vijana wenye madaftari.

"Huyu ndiye aliyemchapa marehemu baba," alikuwa akisema. "Viboko kumi na viwili. Fimbo ni hiyo hiyo."

Wazee wawili wakaitikia kwamba nao wanamkumbuka vizuri, alikuwa mkali.

Asia akamvuta Isack pembeni. "Mwalimu, hizi ni picha za sinema. Baba alizitangaza kwa baiskeli."

Isack alitazama ukuta, akatazama mlango ambako mgeni rasmi alikuwa anaingia, kisha akamwinamia Haidari. "Mzee wangu, nakuomba kwa heshima. Ukilisema hilo leo, picha zote zinashushwa. Ukinyamaza, zitakaa hapa mpaka wajukuu."

Mgeni rasmi alihutubia, akapigiwa makofi kwa mambo ambayo hakuyafanya, kisha akamwomba mzee aliyetoa picha aseme mawili matatu. Haidari akasimama, mkono kwenye fremu ya yule wa kofia.

"Huyu nilimleta mimi Kasulu, mwaka sabini na moja," alisema. "Nilimpakia kwenye baiskeli. Ni mwigizaji. Wote humu ukutani ni waigizaji. Na wewe Evaristi, ndugu yangu, ulikuja kumtazama. Ulikaa mbele, juu ya tofali, ukala karanga."

Watu wakacheka. Evaristi hakucheka.

"Baba alichapwa," alisema.

"Alichapwa. Sikatai. Lakini si na huyu. Aliyemchapa baba yako hakupigwa picha."

Kicheko kikafa. Mgeni rasmi akaangalia saa, na soda zikagawiwa upesi kuliko ilivyopangwa.

Wiki haikuisha, picha zikarudi Kasulu kwa bodaboda ndani ya kiroba cha sukari, bila fremu. Fremu zilikuwa na kazi nyingine. Nilipita Kibondo mwaka uliofuata nikazikuta pale pale ukutani, zina picha za Isack na wenzake kwenye semina, kila mmoja ameshika cheti. Hiyo ndiyo historia waliyoiweza.

Asia alizibandika picha dukani, juu ya magunia ya chumvi, kwa uji wa muhogo. Ilipofika Ramadhani ya 2015 Haidari alikuwa haoni hata mwanga. Anazitambua kwa kupapasa uvimbe wa viraka, akitaja moja moja, na wateja wanamwitikia "ndiyo, mzee" huku wamekodolea simu zao. Ukuta anao. Wa kuutazama hana.

Evaristi alikaa mwaka mzima bila kukanyaga pale. Siku moja aliingia, akasimama mbele ya yule wa kofia.

"Haidari, mwakeye," alisalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, ndugu yangu."

"Huyu, kule mwisho, alifanywaje? Nililala usingizi siku ile."

Haidari katika maisha yake yote hakuwahi kumsimulia mtu mwisho wa filamu. Akainua mkono, akapapasa karatasi mpaka akaifikia ile fimbo.

"Wapagazi walimwachia mizigo yake porini," alisema. "Wakamwacha na kofia yake. Akafa kwa kiu."

Evaristi akaitikia kwa kichwa polepole, akanunua chumvi robo, akaenda zake ameridhika.

Mimi filamu ile niliiona mpaka mwisho. Hakufa. Alipandishwa cheo.