Mtaro wa Makapi ya Mpunga

Asubuhi moja katikati ya miaka ya themanini niliondoka Kisumu bila mpango wowote. Nilifuata barabara kuu kwa miguu, na karibu na Ahero nikaona mzee amesimama ndani ya mtaro akiyatukana matope. Shule niliacha darasa la sita, lakini mtu akichimba shimo siwezi kupita. Nikauliza linaenda wapi.

"Linaenda kuniua," akasema.

Mtaro ulikuwa wa kutoa maji yaliyopanda kutoka ardhini chini ya nyumba ya shemeji yake, mama mjane. Sakafu ilikuwa tope, na ukuta mmoja umeshavimba chini. Isipokauka kabla ya mvua za masika, nyumba ingeanguka. Mali yake yote ilijaa ndani ya simba, kibanda cha mwanawe aliyefanya kazi mbali. Yeye mwenyewe alilala jikoni karibu na mafiga, kwa sababu kwa mila za huko mama halali katika simba ya mwanawe, hata ikiwa kavu.

Nikaingia mtaroni, nikachota kitu cheusi kama uji uliochacha.

"Mzee, ulijaza nini humu?"

"Makapi ya mpunga. Na maji yalipita vizuri mwezi mzima!"

"Kisha yakaoza," mama akadakia kutoka jikoni. "Si nilikuambia mawe?"

"Mawe! Hapa tambarare ya Kano hata la kumtupia mbwa hupati. Ama nijaze viazi?"

Nilikuwa nimewahi kufanya kazi kwenye tanuri la matofali, nikakumbuka yale yanayoungua mpaka yanashikamana, ambayo hakuna anayeyataka. Tukayapata Ahero, tukayaleta kwa mkokoteni wa ng'ombe, tukayavunja. Tulizoa ule uji, tukamwaga ndoo za maji kuona mteremko unaelekea wapi, ndipo tukajaza. Siku hizo zote nililala kwenye benchi la kanisa.

Kando ya ukuta nilichimba kishimo, nikasimamisha fimbo yenye alama za kisu ya kupimia maji ya chini. Mama hakuniruhusu kuisoma. Kila asubuhi alipiga magoti mwenyewe, kisha akatangaza, "Yameshuka alama moja!" Siku ya nne hayakushuka. Tukakimbilia mwisho wa mtaro, tukakuta Mzee amelundika pale nyasi za ng'ombe wake.

"Shemeji, wewe na maji mmekula njama?"

Mzee alizibeba nyasi, akazirudisha kwa ng'ombe.

Mvua ya kwanza ilipiga tangu alfajiri. Maji yakapanda alama tatu, na mama akakaa mlangoni bila kugusa chai. Jua lilipotoka alienda kwenye fimbo, akakaa huko muda mrefu.

"Yameshuka yote," akasema, akaanza kucheka.

Sakafu ya nyumba ilikuwa imeshakauka, na jioni hiyo tulirudisha kitanda chake, magunia na sufuria. Simba ikabaki tupu. Akaifagia, akatandika mkeka.

"Kijana, benchi la Mungu liache lipumzike. Ingia."

Nikaingia, nikajinyoosha. Miguu ilitokeza nje ya mkeka, lakini sakafu ilikuwa kavu.