Mgonjwa Aliyetabasamu

Mama mkwe wangu alipokuja kwetu Kariakoo mara ya kwanza, aliumwa nyonga siku tatu nami sikujua. Yeye anasema Kimakonde, Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu; mimi mtoto wa mjini, Kimakonde sikukijua hata cha kuombea maji. Mume wangu alikuwa safarini. Nikawa namletea chai na kumchekea. Mume aliporudi, mama alimweleza yote huku analia. Nilitamani ardhi inimeze.

Niliposikia anakuja tena, niliapa: safari hii hataugua kimya ndani ya nyumba yangu.

Simu yangu haikijui Kimakonde. Kuchora inajua, kwa ile programu ya akili mnemba: unaiandikia unachotaka, inakutolea picha. Nikaagiza uji, mkeka, dawa, choo. Nikaagiza bibi anayeumwa nyonga. Ikaniletea bibi kashika nyonga, anatabasamu meno yote nje. Nikaandika upya, bado anatabasamu. Mgonjwa gani huyo? Niligombana na simu mchana kutwa mpaka bibi akakunja uso. Picha zote nikazichapisha steshenari, nikazipeleka kwa Mmakonde mmoja anayeuza korosho Mnazi Mmoja. Kila jioni nikitoka dukani kwangu alinitajia neno la kila picha, mimi narudia, yeye anacheka. Acheke. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Siku mama alipofika nilimpokea mlangoni na rundo langu, nikaanza: uji, maji, kitanda. Akabaki pale pale nje, ananitazama. Nikapandisha sauti, nikidhani matamshi yangu ndiyo mabovu. Kumbe sikuwa nimemwamkia. Mimi huyu, ninayewafokea watoto wa mtaa mzima kwa kukosa adabu. Nikaweka picha chini, nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema, ndipo akaingia.

Siku ya nne asubuhi, mume wangu kasafiri tena, mama alizinyooshea mkono zile picha. Akazipekua taratibu, akamtoa yule bibi, akamweka mapajani mwangu. Nikamuuliza kwa Kimakonde, wapi? Akachukua mkono wangu, akauweka kwenye goti lake la kushoto. Tulikwenda hospitali asubuhi ile ile.

Adhuhuri mume wangu akapiga simu, anataka aongee na mama ajue hali yake. Nikamwambia amelala, ameshapata dawa, na kinachomuuma safari hii ni goti.

"Nani kakwambia?"

"Mama."