Siku Mdogo Wangu Alipoulizwa

Nilikwenda kwa mpangaji wa harusi nikiwa nimeshaamua kila kitu. Ndivyo nilivyo. Nimefundisha Kiswahili mjini Garissa kwa miaka ishirini na mmoja, na mtu aliyezoea kusimama mbele ya darasa huendelea kufundisha hata akiwa sokoni. Nilikuwa na orodha yangu: ukumbi wenye feni, viti viwili vikubwa vya rangi ya dhahabu, vipaza sauti vya kusikika mpaka ng'ambo ya mto Tana, na wanawake wa buraanbur, zile tenzi zetu ambazo akina mama huziimba na kuzicheza mpaka vumbi litimke. Jambo ambalo sikuliingiza katika orodha ni kwamba bibi harusi ni kiziwi.

Bibi harusi ni mdogo wangu wa mwisho. Alipoteza usikivu akiwa na miaka mitatu, baada ya homa ya uti wa mgongo, na wazazi wetu walipofariki nikamlea mimi, dada yake. Bwana harusi naye ni kiziwi, fundi wa nguo kutoka Bute, ambaye walijuana katika shule ya bweni. Walichaguana wenyewe. Kwetu hilo peke yake lilitosha kuwafanya watu waulizane maswali, na mimi nilitaka harusi kubwa yenye kelele ili watu wakose nafasi ya kuyauliza.

Mpangaji niliyemtaka alikuwa mama mmoja anayejulikana mji mzima, ambaye harusi zake zote zinafanana kama sare za shule. Mdogo wangu alitikisa kichwa, akanishika mkono, akaniburuta hadi chumba kidogo nyuma ya maduka ya vitambaa. Humo tukamkuta binti wa Kipokomo kutoka Hola, Mwislamu kama sisi, amezungukwa na viti vya plastiki na marobota ya turubai. Sikujua walikuwa wamekwisha kuwasiliana kwa ujumbe wa simu.

Nikasoma orodha yangu. Yule binti alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akanipa kisogo. Aligeuza kiti kumwelekea mdogo wangu, akafungua daftari, akaandika swali moja: "Wewe unataka nini?" Halafu akamsukumia daftari na kalamu.

Nilikasirika. Nilihisi nimenyang'anywa kitu changu mchana kweupe. Mdogo wangu aliinama akaandika, wala hakuniangalia. Alipomaliza, yule binti akasoma kwa sauti ili na mimi nisikie: "Sitaki vipaza sauti. Nataka wageni wakae mahali pa kuonana mikono. Na nataka kuulizwa."

"Kuulizwa nini, mwalimu?" akanigeukia.

"Hayo ni mambo ya nyumbani."

"Samahani, mwalimu. Harusi ni mambo ya nyumbani matupu. Nisipoyajua nitapanga nini?"

Akangoja, kalamu mkononi, na mdogo wangu akanitazama usoni. Basi nikaeleza, na hapa pia nitaeleza, kwa sababu nikiruka hapa yote yanayofuata yatakuwa uongo.

Kwetu, kabla msichana hajaozwa, walii wake, yaani mzee wa kwao mwenye haki ya kumwoza, humfuata na mashahidi akamuuliza kama ameridhia. Msichana huona haya kutamka. Kwa hiyo akinyamaza, kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa ndiyo. Ni huruma kwa mwenye haya, na sina ugomvi na huruma hiyo. Ila miaka minne kabla ya siku ile, adeer, ndugu wa marehemu baba, alileta posa ya mfanyabiashara wa mifugo wa Modogashe, mtu wa makamo mwenye malori. Alikuja na mashahidi wawili mpaka mlangoni mwa chumba cha mdogo wangu, akauliza kwa sauti, kwa Kisomali kizuri cha kizamani. Mdogo wangu alikuwa ameketi kitandani anakunja nguo, ameupa mlango mgongo. Hakugeuka.

"Amenyamaza?" adeer akaniuliza.

Mimi nilikuwa nimesimama kizingitini. Mimi, mwenye shahada ya lugha. Nikajibu, "Amenyamaza."

Sikuwa na nia mbaya. Nilifikiri: kiziwi, yatima, umri unakwenda, nani mwingine atakuja? Nilifikiri nitamweleza polepole, kwa ishara zetu za nyumbani, na kwamba akishaiona nyumba yake atashukuru. Hayo ndiyo niliyoyafikiri, na naona aibu kuyaandika.

Sikumweleza. Nikaha ilikuwa ifungwe Ijumaa, na Jumatano akaja mwenye hina. Mdogo wangu alidhani ni hina ya kujipamba tu, kama ya Idi, akatoa mikono yake yote miwili akiwa anacheka. Ilipokwisha kupakwa kuanzia viganjani hadi karibu na viwiko, ikiwa bado mbichi, binamu yetu mmoja akamwonyesha picha ya bwana harusi kwenye simu, kwa furaha, akidhani bibi harusi anamfahamu. Nikaona uso wa mdogo wangu ukibadilika. Akainua mikono aseme, na hakuweza kusema, kwa sababu vidole vilikuwa vimetandazwa na kujaa hina, na mwenye hina alikuwa amemshika kifundo cha mkono asiharibu kazi. Akajinasua. Akaipangusa hina yote ukutani, akaipangusa kwenye dera langu, akatoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipokuwa mtoto mwenye homa.

Posa ikavunjika. Adeer alisema nimemwaibisha, na mtu wa Modogashe akaondoka na hasira zake. Mdogo wangu aliishi nami karibu mwaka mzima bila kunitazama. Mtu anayesikia akikununia, bado utamwita na atakusikia. Kiziwi asipokutazama, amefunga mlango, na huna pa kubisha.

Na anajua kuandika! Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ana mwandiko mzuri kuliko wanafunzi wangu wote. Siku ile hakuna aliyefikiria kumpa kalamu.

Nilipomaliza, binti wa Hola hakunihukumu wala hakunifariji. Aliandika kwanza, kisha akasoma alichoandika: "Hina itapakwa mkono mmoja mmoja. Wa kulia Jumanne, wa kushoto Jumatano. Asikae hata saa moja bila mkono wa kusemea." Nikatoka nje nikajifanya napokea simu. Nililia pale kati ya marobota ya vitambaa, mwenye duka akaniletea kiti akidhani nimezidiwa na joto.

Tangu siku ile nikaacha kubishana naye, au niseme nikapunguza. Alikataa meza ndefu, akataka viti vipangwe duara. Alikataa maua mezani kwa sababu yangeficha mikono. Turubai liwe wazi pande zote, mwanga uingie, na mpiga picha akisimama katikati ya watu wawili wanaozungumza atolewe. Nilimtania kwamba amepanga harusi kama anapanga barabara, kila mahali ni kutozuia njia. Akacheka, akaniambia nisogee, nimemzibia mdogo wangu.

Shida ikabaki moja: kuulizwa. Mdogo wangu alitaka adeer amuulize mbele ya sheikh na mashahidi, kwa lugha yake, naye ajibu wote wakiona. Adeer alikuja kwa yule mpangaji, akaketi na fimbo yake kati ya magoti, akazungumza naye kwa Kiswahili chake kilichovunjika, kisicho na p.

"Wewe nabanga arusi ama nabanga mkutano?" akamwambia. "Msichana gani nakaa mbele ya wazee nasema nataka bwana? Yeye najua kuandika. Aandike karatasi, mimi naweka mfuko, kwisha."

Binti yule alimwandikia mdogo wangu maneno yote, bila kupunguza hata neno la mfuko. Mdogo wangu akaandika, na mimi nikamsomea adeer: "Karatasi mtaikunja. Nataka mnione."

Adeer aliizungusha fimbo yake. Mwishowe akasema sawa, lakini mkalimani wa lugha ya ishara aliyepatikana, kijana wa kiume kutoka Nairobi, hatakaa kumkodolea macho binti wa ndugu yake. Wa kike hakupatikana. Yule mpangaji akanitazama, nami nikajua atakachosema kabla hajakisema.

"Basi ni wewe, mwalimu."

Mdogo wangu alifikiri siku mbili. Sikumlaumu. Mimi ndiye niliyesimama kizingitini mara ya kwanza. Siku ya tatu akaniandikia: nitakubali ukijifunza.

Ukweli ni kwamba sikuijua lugha yake. Shuleni alikuwa amejifunza lugha ya ishara yenye sarufi na utani na mafumbo, na mimi nyumbani nilibaki na ishara nilizozibuni mwenyewe alipokuwa mdogo: kula, njoo, oga, sali, hatari, acha. Ni lugha ya kumwamrisha mtu. Huwezi kuitumia kuzungumza naye. Kwa wiki sita, kila alasiri baada ya shule, aliniketisha uani akanifundisha. Alinipiga vidole nilipokosea. Alinicheka mpaka akashika mbavu. Katika wiki ya tatu ndipo nikajua kwamba hapendi maziwa ya ngamia, ambayo nilimmiminia kila asubuhi miaka yote hiyo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu kwamba alikuwa akiniambia.

Siku yenyewe ilifika. Wageni walitoka Bute na Wajir, na viziwi saba walitoka kambi ya wakimbizi ya Ifo kwa gari moja, wakazungumza tangu walipoteremka mpaka walipoondoka. Baada ya sala ya adhuhuri, sheikh, adeer na mashahidi wawili waliketi barazani kwetu juu ya mkeka. Mdogo wangu aliketi mlangoni, uso wazi, shela imerudishwa nyuma, kwa sababu uso nao ni sehemu ya maneno. Mimi nikapiga magoti pembeni, mahali ambapo yeye na wao wangeniona. Mpangaji alisimama uani akiwazuia wapishi wasipite na masufuria.

Adeer akauliza. Alilitaja jina la bwana harusi na la baba yake na la babu yake, akataja mahari, akasema, "Je, umeridhia nikuoze kwake?"

Nikainua mikono. Nikauliza, na mdogo wangu akakunja uso: kidole kimoja hakikukaa sawa. Akanyoosha mkono mbele ya wazee wote, akanishika kidole hicho, akakirekebisha kama siku zile za uani. Nikarudia tangu mwanzo. Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa swali.

Kisha akaiweka mikono yake mapajani, akatulia.

Nilingoja. Mikono ilibaki pale pale, imekolea hina, haikutikisika. Alikuwa akinitazama mimi. Hakumtazama adeer wala sheikh. Shahidi mmoja akakohoa.

"Amenyamaza," adeer akasema kwa Kisomali, na nikasikia pumzi ikimtoka kwa faraja. "Alhamdulillah. Sheikh, endelea."

Sheikh akashika kalamu. Kila mtu barazani aliinama mbele kidogo, kama watu wanaojiandaa kunyanyuka. Hapo ndipo nilipojisikia nikisema, kwa ile sauti yangu ya darasani ambayo sikuwahi kuitumia kwa mzee, "Hapana, adeer. Hajajibu."

"Msichana akinyamaza..."

"Huyu amenyamaza tangu ana miaka mitatu, adeer. Hajajibu. Tungoje."

Adeer alinikazia macho. Niliogopa, sitaficha. Nilidhani atainuka aondoke na fimbo yake, na bila yeye hakuna wa kumwoza. Sheikh ndiye aliyeiweka kalamu chini. "Tungoje," akasema.

Tukangoja. Sijui ni muda gani. Wazee wanne na mimi, tukiitazama mikono ya msichana mmoja. Mdogo wangu bado aliniangalia, na sasa macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na yangu pia.

Ndipo akaiinua mikono. Akasema polepole, ishara moja baada ya nyingine, nisije nikakosa hata moja: nimeridhia, mimi mwenyewe, kwa moyo wangu.

Nikafungua mdomo niwageukie wazee. Akanigusa bega, nikamtazama tena, maana alikuwa na neno lililobaki.

"Sasa," akasema, "waambie."