Hewa Niliyoiacha Nje ya Hadithi

Katika maisha yake ya kazi mjomba wangu alikosa shabaha mara kadhaa, kama kila mtu aliyeshika bunduki. Watu wa Kinampanda, kijijini kwetu, waliikumbuka moja tu.

Alikuwa askari wa wanyamapori. Miaka mingi alilinda pori moja la tambarare karibu na bahari, kisha akahamishiwa huku kwetu Singida. Wiki aliyofika, simba alipanda kutoka bondeni na kuanza kula ndama wa jirani yetu, ambaye pia ni mtani wa ukoo wetu. Asubuhi mjomba na majirani wakafuata nyayo, wakamwona ng'ambo ya korongo, hatua mia nne na zaidi, amelala chini kabisa. Bega na kichwa tu ndivyo vilivyoonekana juu ya majani. Kumsogelea kulikuwa sawa na kumfukuza. Mjomba akaegemeza bunduki kwenye jiwe, akachungulia kwenye darubini yake, akafyatua. Vumbi likaruka kwenye mwamba uliokuwa nyuma, kiganja kimoja juu ya mgongo wa simba. Simba akaondoka. Kabla wiki haijaisha akarudi na kumchukua ng'ombe wa maziwa wa yule mtani.

Nilimuuliza mjomba habari hii nikiwa likizo, miaka kadhaa baada ya yeye kustaafu. Alikuwa nyuma ya nyumba anatengeneza banda la kuku.

"Risasi inaogelea, mjomba," aliniambia. Sisi tuliitana hivyo, yeye kwangu na mimi kwake. "Kule chini hewa ni nzito, inaishika. Nilishazoea: umbali huu itashuka hivi, basi nalenga juu kidogo, hivi. Huku tuko juu, hewa ni nyepesi. Haikuishika vya kutosha. Ikapita juu yake."

"Na hukulijua hilo?"

"Nilijua. Nilipofika niliomba risasi za kujaribia bunduki. Nikaambiwa nisubiri. Simba yeye hakusubiri."

Kisha akanionyesha mfuniko wa pipa uliokuwa sehemu ya paa la banda. Risasi za kujaribia zilipopatikana, aliuchorea nukta ya mkaa katikati, akausimamisha umbali uleule, akalenga kama alivyozoea kule pwani. Mkaa ulikuwa umefutika zamani, akauweka upya kwa kidole ili nione. Matundu yalikuwa matatu, yote yamepita juu ya nukta kwa kiganja kimoja, karibu karibu. Niliweka mkono wangu, ukayafunika yote.

"Mkono unaotetemeka haupigi hivi," alisema, akaendelea kugongelea misumari.

Niliandika hadithi yake mwaka huohuo. Wakati huo nilikuwa na kundi la waandishi wenzangu mjini, tukikutana Jumamosi kusomeana. Katika rasimu ya kwanza hewa ilikuwa na mistari mitatu. Rafiki mmoja akasema ile ni fizikia, si fasihi, na mimi nikaona aibu kama mtu aliyekutwa amevaa shati kinyume. Nikaifuta. Mahali pake nikaweka mkono. Askari wangu anamtazama simba, anamkumbuka mtoto wake aliyemwacha anaumwa, na mkono unatetemeka. Niliposoma sehemu ile chumba kizima kilinyamaza. Nilikipenda kimya kile kuliko nilivyoupenda ukweli, na sikujua kuwa nilikuwa nachagua.

Kitabu kilipotoka nikampelekea. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hivyo nikamsomea mwenyewe. Nilipomaliza alikaa akipapasa jalada.

"Na hewa umeiweka wapi?"

"Mjomba, hewa haisomeki. Wasomaji wanataka mtu."

"Haya," alisema.

Neno hilo moja nimelisikia mara nyingi tangu siku ile. Nilimwahidi nitarekebisha kitabu kikichapwa tena. Kilichapwa tena. Nilikuwa na riwaya nyingine mkononi, nikasema itakuwa safari ijayo.

Tulimzika mwaka jana, alizeti zikiwa zimeanza kuinamisha vichwa. Kwetu mtani ana ruhusa msibani. Anamwigiza marehemu, anamtania mbele ya jeneza, wafiwa wanacheka katikati ya machozi. Yule mtani, mzee sasa, akachukua fimbo, akapiga goti, akaiweka begani kama bunduki. Kisha akaanza kutetemesha mikono, fimbo ikacheza kama inachota maji. "Mwanangu anaumwa jamani," alisema kwa sauti ya kulia, "nitampigaje simba?"

Watu walicheka sana. Hata mjane wake alicheka. Lakini mjomba hakuwahi kuwa na mtoto. Mtoto yule alikuwa wangu mimi, nilimzaa kwenye karatasi.

Baada ya mazishi nilimwomba mzee twende nyuma ya nyumba. Niliutoa mfuniko wa pipa kwenye paa la banda, nikampangusia kinyesi cha kuku, nikamweleza habari ya hewa ya pwani na hewa ya kwetu kama nilivyoelezwa. Alisikiliza. Akaweka kiganja chake juu ya matundu, akakiondoa, akakiweka tena.

"Kwa hiyo hakutetemeka."

"Hakutetemeka, mzee wangu."

"Mimi sikumwona vizuri siku ile, nilikuwa nyuma. Ila mjukuu alinisomea kitabu chako, nikasema kumbe ndivyo ilivyokuwa." Alinirudishia mfuniko. "Sikiliza. Mimi ni mtani, nina ruhusa ya kumsema nitakavyo, na siombi radhi kwa mtu. Wewe ruhusa ulipewa na nani?"

Akarudi kwa wenzake. Nikabaki na mfuniko mkononi. Kuku walikuwa wanatazama juu, pale palipoachwa wazi, na sikuweza kuurudisha.